Bega la Quiroz, Mkono wa Nadine

Wewe uligeuza uso. Usijitetee, ulionekana. Ulisimama mbele ya friji la dukani, ukachukua pakiti ya vidari vya kuku visivyo na mfupa, ukaigeuza kutazama bei, ukaitia kikapuni. Hata mara moja haikukupitia akilini kwamba kuku ana mifupa, na kwamba mifupa haijitoi yenyewe. Kuna mtu aliyeitoa. Ana jina, ana mkono, na mkono wake umekufa ganzi kuanzia kidole gumba hadi kiwikoni. Wewe ulikwenda zako kukaanga.

Anaitwa Nadine Pruitt. Ana miaka arobaini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo amesimama mahali pamoja, kwenye laini ya kutoa mifupa, katika kiwanda cha kuku cha mji mdogo wa Arkansas ambao usingeujua hata ukitajiwa. Kuku wanapita mbele yake wamechomekwa juu ya koni za chuma, thelathini na tano kwa dakika. Kila mmoja anamkata mkato mmoja begani, na yule jirani yake anavuta nyama. Basi. Ndiyo kazi yenyewe, mwaka kwa mwaka, ndani ya baridi ya jokofu.

Jumapili moja mwishoni mwa Agosti alikuwa jikoni kwake akijaribu kufungua kifuniko cha chupa ya pilipili. Hakikufunguka. Alikibana kwapani, akakizungusha kwa mkono wa kushoto, hakikufunguka. Vidole vya kulia vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kisu, na kisu hakikuwepo. Sebuleni mumewe Garland na wenzake watatu walikuwa wakiipigia kelele televisheni.

“Muuaji huyu!” sauti ya Kendall Rusk ilitoka huko. “Kocha gani anamwacha mrushaji afike mipira mia na kumi na mbili? Mia na kumi na mbili, jamani! Anataka kumng'oa bega?”

“Wafungwe hawa,” akasema Garland. “Mimi nawaambia kila siku, wafungwe.”

Kendall ndiye msimamizi wa laini ya Nadine. Garland anaendesha gari la kunyanyulia mizigo kwenye bohari ya baridi ya kiwanda hichohicho. Na hao wote walikuwa katika ligi ya kubuni ya besiboli, wanaume kumi, kila mmoja “mmiliki” wa timu isiyokuwepo popote ila kwenye simu zao. Mwezi wa Machi walikaa wakagawana wachezaji wa kweli wa nchi nzima. Kila anachofanya mchezaji uwanjani, mmiliki wake anapata pointi. Wapigaji hawana taabu. Kinachowaumiza kichwa ni warushaji, wale wanaoanza mechi kwa kumrushia mpigaji mpira mmoja baada ya mwingine. Bega la mrushaji huchakaa. Lazima ujue lini umpange, lini umpumzishe, amerusha raundi ngapi, siku ngapi amelala. Garland alikuwa na daftari la jalada la kijani, na ndani yake kila mrushaji na hesabu yake, tangu siku ya kwanza ya msimu. Hesabu ile aliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko alioutumia kwenye cheti chao cha ndoa.

Nadine aliiacha ile chupa. Akapakia sinia la mabawa ya kuku, akalishika kwa viganja viwili, akaingia nalo sebuleni. Karibu na meza mkono wa kulia ukamwacha. Sinia likainama, mabawa manne yakabingirika hadi kwenye kiatu cha Kendall.

“Vipi shemeji,” akasema Kendall, akiokota moja na kulipuliza, “leo sahani zimekukataa? Natumaini kwenye laini yangu hushiki hivi.”

Wakacheka. Nadine naye akacheka, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya mbele ya msimamizi hata akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Alipiga magoti akaanza kuokota.

“Kwa kweli, Kendall,” akasema akiwa palepale chini, “nilikuwa nataka kukuomba. Mkono huu. Nesi wa kiwanda nimemwendea mara sita. Labda ungeniweka kule kwenye lebo, kwa muda tu, mpaka upone.”

Kwenye lebo mtu hubandika karatasi kwenye maboksi. Hakuna kisu, na kuna kiti.

Kendall alitafuna, akatazama televisheni, akamtazama Garland. Macho yakamng'aa.

“Sikiliza, Garland. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa leo. Nipe Holloman. Nipe Holloman, na mkeo kesho asubuhi yuko kwenye lebo.”

Sebule nzima ikaangua kicheko. Brandt Holloman ndiye aliyekuwa mrushaji bora wa Garland, fahari ya daftari la kijani. Nadine alibaki na bawa mkononi, akimtazama mumewe kutoka chini.

“Holloman?” akasema Garland. “Una wazimu wewe. Holloman siwezi.”

Alilisema bila hata kuvuta pumzi. Baadaye Nadine alijaribu kukumbuka kama kulikuwa na sekunde moja ya kufikiri, hata nusu. Haikuwepo.

“Lakini,” Garland akaendelea, akikuna kidevu, “nakupa Quiroz.”

“Quiroz?” Kendall akainuka kidogo kitini. Wilmer Quiroz alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, msimu mzima anawalaza wapigaji kama watoto. “Quiroz yule yule? Unanitania.”

“Nipe yule mpigaji wako wa benchi, ili ionekane haki. Na Nadine aende kwenye lebo.”

“Kwa nini unamtoa?”

“Si mke wangu huyu?” Garland akasema, akainua mikono kama mhubiri. “Mtu hufanya nini kwa ajili ya mke wake?”

Wakapeana mikono juu ya kichwa cha Nadine, ambaye bado alikuwa amepiga magoti. Naye, kwa aibu yake na yetu, akasema, “Asante, Kendall.”

*

Wageni walipoondoka Garland alikuja jikoni akiwa na daftari, uso umejaa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

“Njoo uone, mama. Njoo uone mumeo anavyofikiri.” Akafungua ukurasa wa Quiroz na kuupigapiga kwa kidole. “Mwaka jana huyu kijana alirusha raundi mia na nne. Mwaka huu tayari mia na arobaini na saba. Klabu yake imeshasema haitamruhusu apite mia na sitini, bega lake bado changa. Umeona? Mechi mbili zaidi, basi, wanamfungia kabatini mpaka mwakani. Na mechi za mwisho za ligi yetu zinaanza Septemba. Kendall amenunua maiti! Anatazama pointi tu yule, hahesabu raundi. Hajawahi kuhesabu kitu maishani mwake.”

Nadine alikuwa akisugua sinia kwa mkono wa kushoto.

“Na akigundua?”

“Atacheka. Huu ni mchezo.”

“Garland, mimi niko ndani ya huo mchezo. Umenifungasha pamoja na huyo kijana. Akigundua umempunja, atamrudisha nani? Quiroz harudishiki. Dirisha limefungwa.”

“Unakuza mambo. Kwani hujapata ulichotaka?”

Akaacha kusugua. Akaikausha mikono yote miwili, akaificha nyuma ya mgongo.

“Nikuulize kitu. Bega la huyu Quiroz, lipi analotumia?”

“Kushoto,” akajibu Garland papo hapo. “Na Aprili lilimkaza kidogo, wakamkosesha mechi moja. Holloman ni wa kulia. Kwa nini?”

“Na mimi? Ni mkono gani unaoniuma?”

Garland akafungua mdomo. Akamtazama bega moja, akamtazama la pili, kana kwamba pameandikwa. Friji lilinguruma. Kwa miezi mitatu sasa Nadine alikuwa akilala na kitambaa kimefungwa kwenye mkono huo, upande wa kitanda uleule anakolala huyu mwanamume.

“Kushoto?” akasema.

Nadine aligeukia sinki, akaendelea kuosha.

*

Siku nane za kazi alikaa kwenye lebo. Siku ya tatu alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe bila kuomba msaada. Siku ya sita alihisi joto la kikombe cha kahawa kwenye kidole gumba, akakishika kwa muda mrefu kuliko kinavyoshikwa kikombe. Hakumwambia mtu. Aliogopa furaha hiyo isije ikasikika.

Kutoka alipokaa aliiona laini. Kwenye nafasi yake alikuwa amewekwa binti mgeni. Jirani yake wa siku zote, Neimat, mwanamke wa Visiwa vya Marshall mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya, alimpungia kisu kila alipopata nafasi. Nafasi zilikuwa chache. Pale huendi chooni mpaka aje wa kukushikia zamu, na wa kukushikia zamu ni mmoja kwa watu arobaini. Wenye akili hawanywi maji asubuhi.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa tatu kasoro, Kendall alikuja kwenye lebo na simu mkononi. Hakusema habari za asubuhi. Aliigeuza simu akamwonyesha Nadine picha ya kijana mwembamba mwenye kofia.

“Unamjua huyu?”

“Hapana, bosi.”

“Quiroz. Jana amemaliza raundi ya mia na hamsini na tisa. Leo klabu yake imetangaza basi, hatarusha tena mwaka huu. Eti wanamlinda bega.” Alitabasamu kwa meno ya mbele tu. “Mumeo alijua.”

“Mimi sijui mambo ya mpira, Kendall.”

“Chukua kisu chako.”

“Lakini mkono umeanza...”

“Una karatasi ya daktari?”

“Nesi alisema nisubiri kwanza, tuone...”

“Nesi ameandika kwamba unafuma nyumbani. Kwamba mkono umeuumiza mwenyewe kwa kufuma.”

“Nilimwambia nilifuma zamani! Kofia moja, ya mjukuu!”

“Basi unafuma. Chukua kisu, shemeji.”

Akachukua. Wewe ungefanya nini? Usijibu upesi.

Kufikia saa tano vidole vilikuwa vimejikunja tena. Kufikia saa saba havikuwa vyake. Alikuwa akiutazama mkono ule ukikata kama anavyotazama mkono wa mtu mwingine, kuku, kuku, kuku, na mwili wote unatetemeka kwa kubana mkojo. Alimwinulia mkono yule wa kushikia zamu mara mbili. Mara ya pili Kendall aliona, akageukia upande mwingine. Nadine, mama wa watoto wawili wakubwa, bibi wa mjukuu mmoja, alijilowesha akiwa amesimama ndani ya buti za mpira, na maji yake mwenyewe yakampa miguuni joto pekee alilolipata siku ile. Akaendelea kukata.

Halafu kisu kikamtoka. Hakukiachia, vidole viliacha tu kuwepo. Kwenye laini ile watu wanasimama kiwiko kwa kiwiko, na Neimat alikuwa amenyoosha mkono kuvuta nyama. Kisu kilimpata juu ya glavu ya chuma, pale penye ngozi tupu, kikashuka hadi karibu na kiwiko.

Neimat hakupiga kelele. Alisema, “Oh, dada,” kwa mshangao, kama mtu aliyemwagiwa chai.

Laini ilisimama dakika nne. Waliosha koni, wakatupa kuku sita, ikaanza kutembea tena. Neimat alishonwa nyuzi kumi na moja. Nadine aliitwa ofisini, akasimama na suruali yake mbichi kwenye zulia, akakabidhiwa karatasi ya onyo: uzembe katika kutumia kisu. Kendall alimwonyesha pa kutia sahihi. Kalamu ilimwanguka mara tatu.

“Ukipata nyingine kama hii,” Kendall akasema, “ni mwisho. Sitaki, lakini ndiyo kanuni. Na fungua dirisha ukitoka, kuna harufu.”

*

Jumapili wakaja tena. Hilo ndilo linalotia kichefuchefu, kwamba walikuja! Kendall na Garland walikuwa wamepangwa kukutana wiki hiyo, nusu fainali ya ligi yao ya hewani, na desturi ni kutazama kwa akina Pruitt. Kendall aliingia akiwa na kreti ya bia, akampiga Garland ngumi ya bega.

“Mwizi wewe! Umeniuzia maiti.”

“Si ungehesabu!”

Wakakumbatiana. Yamekwisha. Baina yao hakukuwa na kilichoharibika.

Nadine alikuwa amemsimulia mumewe yote, Alhamisi ileile, hata lile la buti. Garland alikuwa ametikisa kichwa na kusema Kendall amevuka mpaka, na kwamba ataongea naye nusu fainali ikipita, kwa sababu akiongea sasa wenzake watadhani anatafuta kumvuruga.

Robo saa baada ya mechi kuanza mmoja wao akauliza, “Leo hakuna mabawa?”

“Hakuna kuku leo,” akasema Nadine. Alikuwa amesimama mlangoni na daftari la kijani. Akaja mpaka katikati ya sebule, akalifungua kwa kidevu na mkono wa kushoto, kurasa za nyuma, ambako kwa siku tatu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa mtoto, kwa mkono usiozoea.

“Holloman, Brandt,” akasoma. “Jumanne: mipira tisini na sita. Barafu begani, dakika ishirini. Madaktari wawili. Jumatano kupumzika. Alhamisi kupumzika. Ijumaa kupumzika, akatupa mipira kidogo ya kunyoosha mkono. Jumamosi kupumzika.”

“Huyo ndiye mrushaji wangu,” Garland akawaambia wenzake kwa kicheko kidogo, bila kujua afanye nini na uso wake.

“Pruitt, Nadine. Wiki yangu ya mwisho kabla ya lebo. Jumanne: kuku thelathini na tano kwa dakika, dakika mia nne na hamsini. Mikato elfu kumi na tano na mia saba na hamsini. Kidonge kimoja cha maumivu. Jumatano, hakuna kupumzika. Mikato elfu kumi na tano na mia saba na hamsini. Alhamisi, hivyohivyo. Ijumaa, hivyohivyo. Miaka kumi na tisa.” Akainua macho. “Kendall, wewe mtu akifika mipira mia na kumi na mbili unasema kocha wake ni muuaji. Niambie basi. Wewe kwangu ni nani?”

Kendall alitazama chupa yake. “Shemeji, hapa tumekuja kucheza. Mambo ya kazi tuyaache kazini.”

“Siku ile uliponinunua kwa Quiroz, tulikuwa kazini?”

Kwenye televisheni watu elfu arobaini walisimama wakipiga makofi. Na Garland Pruitt, mume wa ndoa wa miaka ishirini na sita, akainamisha kichwa upande wa kulia, halafu wa kushoto, kupita kiuno cha mkewe.

“Nadine,” akasema taratibu, kwa upole kabisa, “sogea kidogo, mama. Holloman anarusha.”

Akasogea. Alisogea mpaka mlangoni. Hapo akazishika zile kurasa za nyuma kwa meno na mkono wa kushoto akazichana, na Garland, ambaye hakuinuka kwa sinia, wala kwa kisu, wala kwa buti zilizojaa mkojo, akaruka wima kutoka kitini.

“Daftari langu!”

Nadine alilitupa kwenye bakuli tupu la mabawa, akatoka.

*

Kwa Neimat ni mitaa mitatu. Alimkuta barazani na bandeji, amezungukwa na wanawake waliotoka kanisani, bado wana maua ya plastiki nyweleni. Nadine alitaka kuomba radhi. Aliianza sentensi mara mbili.

“Kaa,” akasema Neimat. “Kisu hakikuwa chako. Kaa, dada. Ni mkono gani?”

Nadine akauinua tu. Neimat akaushika kwa mkono wake mzima, akaanza kukunjua kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayefungua kifurushi.

“Yangu yote miwili,” akasema mwanamke aliyekaa ngazini, anayeitwa Jorlina.

“Wangu wa kulia. Mwaka wa nne.”

“Mimi bega. Usiku siwezi kumbeba mtoto.”

Nadine aliweka zile karatasi chini barazani. Nyuma ya hesabu yake palikuwa peupe. Wakaandika: jina, mkono gani, miaka mingapi. Juu yake wakaandika madai, matatu, kwa maneno ya kawaida. Laini ipunguzwe mwendo. Watu wabadilishane nafasi kila saa mbili, maana bega la kuku si bega la pekee linalokatwa pale. Na mtu akitaka chooni aende. Kufikia jioni majina yalikuwa ishirini na matatu. Laini ina watu arobaini.

Kesho Jumatatu, saa nne asubuhi, watu ishirini na watatu wataweka visu vyao juu ya mkanda unaotembea na kwenda pamoja mpaka mlango wa meneja. Nadine ana onyo moja mfukoni na la pili ndilo la kufukuzwa. Kumi na saba bado hawajaandika. Wanaangalia chini wanapopita. Wanasema watafikiri.

Ukiwa ishirini na watatu kati ya arobaini, wanakufukuza mchana na wanakusahau jioni. Ukiwa arobaini, kuku wanabaki na mifupa yao.

Basi wewe, uliyefika hapa ukimlaani Garland. Acha Garland. Kwako pia kuna laini, iite utakavyo: shamba la maua, chumba cha kushonea, korido ya hospitali, jiko la mtu ambako anasimama yule binti tangu alfajiri. Kuna anayesimama kiwiko kwa kiwiko nawe, na hujui. Usiseme utafikiri. Weka karatasi hii chini, inuka, nenda alipo, sasa hivi kabla zamu haijaisha, umuulize ni mkono gani unaomuuma. Akishakujibu, mpe kalamu. Na jina la kwanza liwe lako.